Mwanangu wa miaka 9 hajui kusoma, na nimewaficha akina mama wenzangu

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto 3: wa kiume mwenye miaka 9, wa kike mwenye miaka 6, na mdogo aliyetimiza miaka 2 hivi karibuni. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuwafundisha nyumbani. Uamuzi huo tuliufikia pamoja, mimi na mume wangu, kwa maombi na kwa mazungumzo ya miezi mingi, baada ya mkubwa wetu kumaliza mwaka wake wa kwanza shuleni akilia karibu kila asubuhi.

Nilipoanza nilikuwa na mimba, na sikujua hata siku ya masomo ianzie wapi. Aliyenishika mkono ni mama mmoja mtu mzima, ambaye amewafundisha watoto wake 5 nyumbani hadi wakajitegemea, na ambaye sisi akina mama 7 tunaokutana kila Jumatano tunamwita mama mlezi. Miezi ile ya mwanzo alikuja kwangu kila wiki, akaketi nami mezani, akanionyesha namna ya kupanga siku kabla na baada ya mtoto kuzaliwa, akaniazima vitabu, na nilipojifungua aliwachukua wakubwa wangu kwa siku 3 bila kuombwa. Ninayatanguliza haya ili usidhani kwamba ninamlalamikia mtu ambaye sijawahi kuona wema wake.

Shida yangu ni kwamba mwanangu mkubwa hajui kusoma. Herufi anazijua, na silabi moja moja anazitamka, lakini akifika kwenye neno lenye silabi 4 anakuwa ameshaisahau ya kwanza, na mstari mmoja humchukua muda ambao mdogo wake humaliza ukurasa. Ajabu ni kwamba ukimsomea wewe, hata sura nzima, anakusimulia yote kwa mpangilio, pamoja na maneno ya kila mhusika.

Katika mikutano yetu kila mtoto husoma kifungu cha Biblia mbele ya wengine. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikimkaririsha mwanangu kifungu chake tangu Jumapili, ili Jumatano ashike Biblia na kukitamka kana kwamba anasoma. Miezi 2 iliyopita mama mlezi alimbadilishia kifungu ghafla, naye akasimama kimya na Biblia mkononi hadi machozi yakamtoka. Hapo hapo, mbele ya wote, mama akasema kwamba mtoto wa miaka 9 asiyesoma ni mtoto aliyekosa mama mwenye msimamo, akatukumbusha kwamba Susanna Wesley aliwafundisha watoto wake herufi zote kwa siku moja, kisha akaniagiza niache vitabu ninavyotumia, nishike vya kwake, na nimpe taarifa kila Ijumaa.

Nilimweleza mwenzangu mmoja kwa siri jinsi nilivyoumia. Wiki iliyofuata siri hiyo ikatajwa katika maombi, kwa jina langu, kama hitaji la kuombewa. Sasa mwanangu anasema kwamba yeye ni mjinga, mume wangu anasema muhula ujao watoto warudi shule, nami kila Jumatano ninatafuta kisingizio cha kutokwenda. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mama kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza ameniomba niwe mlezi wake. Nimemjibu kwamba nina shughuli nyingi, kwa maana siwezi kumwongoza mtu ilhali mimi mwenyewe ninaigiza.

Mama, je, nitoke katika kundi hili? Je, nikikataa maagizo ya mama mlezi nitakuwa nimeasi neno la Tito 2, linalowapa wazee wa kike kazi ya kutufundisha? Na mume wangu nimjibu nini?

Mama wa watatu

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, na azidi kusifiwa.

Maswali yako 3 yote yanahusu watu wazima. Niruhusu nianze na yule ambaye hukuniuliza habari zake, kwa sababu mengine yote yamefungwa kwake.

Mtoto anayesikia sura nzima mara moja na kuisimulia kwa mpangilio hana upungufu wa akili, na ikiwa mtoto huyo amefundishwa kwa subira kwa zaidi ya miaka 2 na bado silabi zinamponyoka, mimi sitaanza kwa kuutilia shaka msimamo wa mama yake. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazimudu ba, be, bi, bo, bu kwa kawaida hachukui muda mrefu kuunganisha maneno. Asiyeweza kuunganisha baada ya muda wote huo anatuonyesha kwamba kuna kitu kinachohitaji kuchunguzwa. Huenda ni macho. Huenda ni masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri tofauti za sauti hupata taabu kuzioanisha na herufi. Huenda pia ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao mtu huzaliwa nao na ambao hauhusiani na kiwango cha akili yake. Katika lugha zenye maandishi ya namna ya Kiswahili, Kiitaliano au Kihispania, hali hiyo hujitokeza zaidi kama usomaji wa pole mno kuliko kama usomaji wenye makosa mengi, na ndiyo maana ni rahisi watu kuiita uvivu. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Muulize mume wako, kwa upole na mkiwa wawili tu, jinsi yeye na ndugu zake walivyojifunza kusoma, wala usishangae sana ukisikia jibu ambalo hukulitarajia.

Mimi si mtaalamu wa mambo hayo na siwezi kumpima mtoto kwa barua. Mpeleke apimwe macho na masikio kwanza, kisha mtafute mtu aliyesomea matatizo ya kusoma. Kama ni disleksia, miwani haitaiondoa, wala vitabu vya mama mlezi havitaiondoa kwa sababu tu ni vya mama mlezi. Kinachowasaidia watoto wa namna hiyo ni kufundishwa uhusiano wa sauti na herufi waziwazi, hatua kwa hatua, kwa marudio mengi kuliko yale anayohitaji mtoto mwingine. Wengi hufika, ingawa baadhi yao hubaki wasomaji wa pole maisha yao yote.

Wakati mnasubiri vipimo, tenganisha kujifunza kusoma na kujifunza mambo. Hadithi za Biblia, historia na habari za viumbe zisisubiri hadi macho yake yaweze kuzifuata kwenye ukurasa. Msomee wewe, au baba yake, au hata mdogo wake, naye asimulie. Katika hesabu msomee swali na umwachie kukokotoa. Zoezi la kusoma lenyewe lifanyike mara 2 kwa siku, dakika 10 au 15, na likome kabla hajachoka. Charlotte Mason, yule mwalimu wa Uingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923 na ambaye mbinu zake akina mama wengi wanaofundisha nyumbani wanazitumia hadi leo, alisisitiza masomo mafupi yasiyozidi dakika 20 kwa watoto wadogo, na kusimulia ndiko kulikokuwa kipimo chake kikuu cha uelewa. Kwa kipimo hicho mwanao yuko mbele ya watoto wengi. (Huyo Charlotte Mason hakuolewa wala kuzaa, na bado mwaka 1887 alianzisha umoja wa wazazi ili wasaidiane katika malezi, ninamkumbuka kila ninapomsikia mtu akisema kwamba asiye na watoto hana la kumwambia mama.)

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna jambo moja linalokupasa kulifanya, nalo litakuuma. Mwombe mwanao msamaha. Umeandika kana kwamba aibu yake ilianza siku ile alipobadilishiwa kifungu, lakini mtoto aliyekaririshwa kila Jumapili ili Jumatano aonekane anasoma alikuwa ameshaelewa, kwa mwaka mzima, kwamba hali yake ni kitu cha kufichwa, na mafunzo hayo aliyapata kwako kabla ya kuyasikia kwa mtu mwingine. Mwambie kwa maneno machache kwamba uliogopa watu, kwamba hukutenda vema, na kwamba hutamtaka tena aigize. Usimhubirie. Watoto wa miaka 9 husamehe haraka ikiwa hatuwalazimishi kutufariji.

Sasa tuje kwa Susanna Wesley, ambaye jina lake limetumika kukupiga. Mama huyo aliyeishi Uingereza kuanzia 1669 hadi 1742 alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafa wakiwa wachanga, na wale waliobaki aliwafundisha nyumbani, miongoni mwao John na Charles Wesley, walioanzisha harakati za Kimethodisti. Ni kweli kwamba katika barua aliyomwandikia John mwezi Julai 1732, akieleza jinsi alivyowafundisha, alisema kwamba watoto wake walijifunza herufi zote kwa siku moja. Lakini barua ile haikuishia hapo. Anaendelea kusema kwamba mabinti wawili, Mary na Anne, walichukua siku moja na nusu, na kwamba wakati ule aliwaona kuwa wazito wa kuelewa, hadi baadaye alipoona muda ambao watoto wa watu wengine huchukua ndipo akabadili mawazo. Tena anasema kwamba hakumwanzisha mtoto yeyote kusoma kabla ya miaka 5 isipokuwa Kezia, ambaye alianzishwa mapema kinyume na matakwa ya mama yake, naye akachukua miaka mingi kuliko miezi waliyochukua wenzake.

Yasome tena hayo polepole. Mama yule yule anayetajwa kama mfano wa siku moja alikuwa na binti aliyechukua miaka, aliandika hivyo bila kuficha, na alikiri kwamba aliwahi kuwahukumu mabinti zake wawili kwa kosa la nusu siku. Ongeza na haya: nyumba yake ilikuwa na watumishi, kiasi kwamba nyumba ilipoungua mwaka 1709 mlezi wa watoto alikuwapo kuwatoa wadogo, na watoto wakubwa walipewa wajibu wa kuwasomea wadogo Zaburi kila jioni. Sitaji hayo ili kumshusha. Ninasema tu kwamba anayemchukua kama kielelezo amchukue mzima, pamoja na Kezia.

Hapo ndipo ninapolifikia swali lako la utii. Katika Wagalatia 6 Paulo anaandika maneno mawili ambayo Biblia yetu ya Kiswahili imeyatofautisha vizuri, na hata katika Kigiriki ni maneno mawili tofauti. Katika mstari wa 2 anasema tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5, sentensi chache tu baadaye, anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nimeishi na mistari hiyo kwa miaka mingi ya kukaa na akina mama wanaofundisha nyumbani, na magomvi karibu yote niliyoyaona katika makundi yetu yalitokana na kuichanganya. Mzigo ni ule unaomlemea mtu hata asiweze kusimama: ugonjwa, uzazi, msiba, mtoto asiyesoma, mwaka ambao fedha hazikutosha kununua vitabu. Huo ukibebwa na mtu mmoja utamwangusha, na mwenzake akiuona na kupita amekosa. Furushi ni kile ambacho kila msafiri hufunga mwenyewe na kukibeba mwenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna vitu vyake. Kuamua watoto wako wafundishwe wapi, kwa vitabu gani, na kwa mwendo gani, ni furushi lako na la mume wako, na siku ya hesabu hakuna mama mlezi atakayeulizwa juu yake.

Mama mlezi wako alipokuja kila wiki na kuwachukua watoto wako ulipojifungua, alibeba mzigo, na Mungu ambariki kwa hilo. Alipokuagiza vitabu na taarifa za kila Ijumaa alikuwa ameanza kulifungua furushi. Nawe, mwanangu, ulifanya kosa la upande wa pili: mzigo halisi uliuingiza ndani ya furushi na kulifunga kamba, kisha ukaumia kwamba hakuna aliyekusaidia kuubeba.

Kuhusu Tito 2, soma kinachosemwa pale. Wazee wa kike wanaagizwa wawatie wanawake vijana akili, na jambo la kwanza linalotajwa ni kuwapenda waume zao na watoto wao. Hakuna orodha ya vitabu wala umri wa kujua kusoma. Na kabla ya kupewa kazi hiyo ya kufundisha wanaonywa wasiwe wasingiziaji. Ninaona mpangilio huo una hekima, maana mzee asiyeweza kutunza ulimi hawezi kuaminiwa na siri za nyumba za watu. Onyo hilo linamgusa pia yule mwenzako aliyeigeuza siri yako kuwa hitaji la maombi. Mwendee peke yake, mwambie kwamba ulimpa neno kwa kulitunza, na kuanzia sasa mpe yale tu ambayo uko tayari yasikike. Sioni haja ya kulikuza zaidi ya hapo.

Kumsikiliza mzee, basi, ni wajibu wako. Unapaswa kulipima neno lake kwa uzito, hasa likitoka kwa mtu aliyekwisha kuvuka pale ulipo. Kulitekeleza kila agizo lake si sehemu ya wajibu huo. Mimi nimewahi kukaa upande wake, na ninakiri hapa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikimlea mama mmoja ambaye mwanawe hakutulia kwenye kiti hata dakika 5, na kwa kuwa wangu walitulia, niliamini kwamba nilijua sababu. Nilimpa ratiba yangu, nikampa kanuni zangu, nikawa ninapita nyumbani kwake kuangalia kama amezibandika ukutani. Aliacha kunifungulia mlango. Baadaye Mungu alinipa mjukuu asiyetulia hata dakika 2, nami nikamtafuta mama yule ili nimwombe radhi, naye alinipokea kwa wema kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo ninamwelewa mama mlezi wako, na ningependa nawe umwelewe kabla hujamkabili. Kizazi cha kwanza cha akina mama Wakristo waliorudisha masomo nyumbani walifanya hivyo wakitazamwa kwa jicho baya. Mapema katika miaka ya 1980, katika baadhi ya majimbo ya Marekani, wazazi walipelekwa mahakamani kwa kuwafundisha watoto wao, na ilifika 1993 ndipo majimbo yote 50 yalipokuwa yameruhusu jambo hilo kisheria. Ujerumani mpaka leo hairuhusu, isipokuwa kwa nadra sana. Katika hali hiyo mtoto asiyesoma alikuwa zaidi ya huzuni ya nyumbani, alikuwa ushahidi mikononi mwa watu wa nje. Akina mama wale walijifunza kuwasimamisha watoto wao mbele za watu wakiwa wamenyooka, na wengine waliwarithisha wanafunzi wao woga ule bila kueleza ulikotoka. Huenda mama mlezi wako hajawahi kuitwa na mtu yeyote ajieleze, lakini alilelewa katika mazoea hayo, na alipomwona mwanao amesimama kimya na Biblia, aliogopa kwa niaba ya kundi zima, akasema neno la mtu aliyeogopa. Hilo halimwondolei kosa la kukuaibisha mbele ya wenzako na mbele ya mtoto. (Na kwa kuwa tumetaja sheria, hakikisheni wewe na mume wako mnajua inavyotaka mahali mnapoishi kuhusu kuandikisha watoto, kutunza kumbukumbu na kupima maendeleo yao. Kuna akina mama wengi mno wanaoishi kwa kusikia tu.)

Usitoke katika kundi kwanza. Mwendee mkiwa wawili, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, na uende na mambo mawili, la kwanza likiwa lako. Mwambie: 'Mama, kwa mwaka mzima nilimkaririsha mwanangu na kuwadanganya nyote, ninaomba unisamehe.' Ukianza na la kwake atajitetea, na atakuwa na silaha ya kujitetea nayo, kwa sababu kweli ulidanganya. Likishapokelewa, endelea: 'Neno ulilosema mbele ya mtoto limemjeruhi, na ninaomba umwambie yeye mwenyewe kwamba ulikosea.' Kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kujibu, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Kuhusu taarifa za Ijumaa, mwambie kwamba mambo ya vitabu na ratiba utayaamua na mume wako, na kwamba kuna msaada mwingine unaouhitaji kwake. Msaada huo utaje bila kuzungukazunguka. Akina mama wengi husema 'naomba mniombee' wakiwa na maana ya 'naomba mtu akae na mdogo wangu Jumanne asubuhi ili nimfundishe mkubwa bila kukatizwa', na wanaoambiwa wakishaomba huona wamemaliza.

Kama atakataa kuomba radhi na kuendelea kukuamuru, na kama mikutano itabaki kuwa mahali pa kupima watoto, hapo waweza kuondoka kwa amani, ukisema sababu waziwazi badala ya kupotea polepole kwa visingizio. Mimi, hata hivyo, nina tumaini na mwanamke aliyewabeba watoto wako siku 3 bila kuombwa.

Pendekeza pia kwamba zile Jumatano zibadilike. Akina mama 7 wakikaa pamoja kila wiki kusikiliza watoto wakisoma kwa zamu ni hasara kubwa ya nguvu. Miongoni mwenu bila shaka yupo anayependa hesabu, yupo mwenye sauti ya kufundisha nyimbo, yupo aliyesomea uuguzi au kilimo kabla ya kubaki nyumbani, na yupo ambaye hajui lolote la hayo ila ana subira ya kukaa na watoto wadogo. Badilishaneni masomo. Jambo moja nililoliona mara nyingi ni kwamba mtoto anayekwama kwa mama yake huweza kupiga hatua kwa mama mwingine, kwa sababu mwingine hana hofu ambayo mtoto anaisoma usoni pa mzazi wake. Mwanao akikaa nusu saa kwa wiki na mwanamke asiyehema kwa wasiwasi kila silabi, huku wewe ukiwafundisha wanawe jambo unaloliweza, nyote mtakuwa mmepata kitu.

Mume wako usimjibu kama mpinzani. Aliona mtoto wake akisema kwamba ni mjinga, na hatua aliyoifikiria ndiyo ambayo baba yeyote mwenye upendo angeifikiria. Mweleze habari za kukaririsha, maana nina shaka kwamba hata yeye hukumwambia. Mwombe mkubaliane kwamba hamtaamua lolote kabla ya vipimo, wekeni tarehe ya kulizungumza upya, nawe uwe tayari kwa kweli, moyoni, kwa uwezekano kwamba shule yenye mwalimu anayejua matatizo haya itakuwa mahali pazuri zaidi kwa mtoto huyu, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kumbukumbu la Torati 6 linawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Agizo hilo mtalitimiza hata kama asubuhi anafundishwa hesabu na mtu mwingine. Ukiona kwamba wazo la shule linakuumiza kwa sababu ya mtoto, lisikilize. Ukiona linakuumiza kwa sababu ya watakachosema Jumatano, liache lipite.

Bado yupo yule mama kijana. Mrudie, umwambie kwamba ulimpa jibu la woga. Anachokihitaji zaidi ni mtu aliye miaka 2 mbele yake tu, ambaye bado anakumbuka jinsi asubuhi ya kwanza ilivyokuwa, kuliko mtu ambaye wanawe wote wameshaondoka nyumbani na ambaye ameshasahau mambo mengi, kama sisi wazee tunavyosahau. Mwambie ukweli wote wa mwaka huu kabla hajakubali. Kaeni mara moja kila wiki 2, nyumbani kwake mara moja na kwako mara moja, ili naye auone uchafu wa meza yako.

Na siku utakapokwenda kwa mama mlezi, kama mazungumzo yataisha vema, mkaribishe aje jioni moja kumsikiliza mwanao. Msimpe Biblia aishike. Msomee ile habari ya Yusufu na ndugu zake, kuanzia Mwanzo 37, kisha mwachie asimulie, na mama akae karibu naye.